Wiki 16 za Mbio, Siku Moja ya Pikipiki

Kila mwaka, ifikapo mwanzoni mwa Novemba, wakimbiaji wengi wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani huanza kuhesabu wiki. Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na mtu anayetaka kumaliza kilomita 42.195 akiwa mzima anahitaji takriban wiki 16 za maandalizi. Basi ratiba hutafutwa, viatu huchaguliwa kwa makini, shinikizo la damu hupimwa, vikundi huundwa, na wazoefu huulizwa maswali. Hakuna mwenye akili timamu anayeamka siku moja na kuamua kukimbia marathoni keshoye.

Miongoni mwa wakimbiaji hao wamo wenye mapenzi ya pili, nayo ni pikipiki. Hawa hawapandi pikipiki kutafuta riziki kama waendesha bodaboda. Ni wahasibu, walimu, wahandisi, wauguzi na madaktari wanaotoka mjini mwishoni mwa wiki ili kupunga upepo, kuona vilima na kukaa na marafiki. Wengi wao walijifunza kuendesha kwa siku moja au mbili katika uwanja wa mpira, mwalimu wao akiwa ndugu au jirani. Kofia ngumu ilinunuliwa kando ya barabara bila kujaribiwa kichwani. Hapakuwa na ratiba, hapakuwa na kipimo, na hapakuwa na mtu aliyeulizwa.

Hoja ya makala hii ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Jambo lenye hatari ndogo huandaliwa kwa miezi minne, na lenye hatari kubwa huandaliwa kwa siku moja. Tena mambo haya mawili hutumia mwili uleule na mara nyingi siku ileile, ingawa huzungumzwa kana kwamba hayajuani. Kuusahihisha mpangilio huo ni wajibu wa mkimbiaji mwenyewe, lakini mhudumu wa afya ana nafasi ya pekee ya kulianzisha jambo hilo, kwa sababu ndiye anayekutana na mtu huyo kabla ya mbio, na tena baada ya ajali.

Barabara mbili, starehe mbili

Kibaha na Kisarawe ni mahali panapofaa kulitazama suala hili. Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, imekaa juu ya Barabara ya Morogoro, na tangu barabara hiyo ilipopanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, mji huo umekuwa karibu zaidi na jiji. Kwa mkimbiaji, Kibaha ina lami ndefu, hewa nafuu kuliko ya Kariakoo na historia ya kujivunia. Hapo Mkuza zipo shule zilizoanzishwa na Filbert Bayi, mwanariadha aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Kwa mwendesha pikipiki, Kibaha ni lango la kutokea mjini, mahali ambapo foleni hulegea na mkono wa kulia hushawishika kuongeza mafuta.

Kisarawe ina sura nyingine. Anayepanda kutoka Pugu huingia katika vilima, na pembeni yake unaonekana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Mbele zaidi, kuelekea Maneromango, huanza barabara za udongo mwekundu zinazopita kati ya mikorosho, miembe na mashamba ya mihogo. Vilima hivyo humjenga mkimbiaji mapaja na pumzi kuliko tambarare yoyote ya jijini. Vilevile humpa mwendesha pikipiki kona, kivuli na ukimya, vitu ambavyo havipatikani katika foleni ya Ubungo.

Starehe hizo ni za kweli, na daktari anayezibeza hatasikilizwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na anayejiandaa kwa marathoni hulivuka pendekezo hilo kwa urahisi. Pikipiki nayo, ikiendeshwa kwa utulivu, humtoa mtu katika simu na mikutano na kumlazimisha kuwa mahali alipo. Katika nchi ambayo shinikizo la damu, kisukari na msongo wa mawazo vinazidi kujaza kliniki, kumwambia mtu aache kila kinachompa furaha si tiba.

Hata hivyo, barabara hizohizo ndizo zinazopeleka majeruhi Hospitali ya Tumbi, ambayo kwa miaka mingi imepokea watu walioumia katika Barabara ya Morogoro, na wenye mivunjiko mikubwa huendelea hadi Muhimbili. Mhudumu aliyefanya kazi katika wodi ya mifupa hahitaji kuelezwa pikipiki inaweza kuufanya nini mfupa wa muundi.

Maandalizi ya mbio yanavyofaa kuwa

Ni vyema kwanza kusema kwa nini mbio huandaliwa, kwa maana humo ndimo umo mfano wa kuigwa. Misuli, mishipa ya nyama na mifupa haijengeki kwa kasi moja. Moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo sababu mkimbiaji mpya hujisikia ana pumzi ya kutosha na kuongeza kilomita upesi, kisha katika wiki ya sita au ya saba hupata maumivu ya muundi au ya kisigino. Ratiba nzuri huongeza umbali kidogo kidogo, hupunguza mzigo kila baada ya wiki tatu au nne, hufikisha mbio ndefu ya kilomita 30 hivi, kisha hulegeza kamba katika wiki mbili au tatu za mwisho ili mwili ujirudishe.

Kwa mkazi wa Pwani kuna jambo la ziada. Wiki 16 zinazoishia mwishoni mwa Februari huanza wakati wa mvua za vuli na kuishia katika miezi yenye joto kali. Jasho halikauki kwa sababu hewa imejaa unyevu, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kwa hiyo mbio ndefu zianze saa 11 alfajiri, siyo saa 2 asubuhi. Mkimbiaji anayeanza kuyumba, kuongea ovyo au kutotambua alipo anaweza kuwa amepatwa na kiharusi cha joto, na joto la ndani ya mwili wake huenda limevuka nyuzi 40. Huyu apoozwe palepale kwa maji baridi mwili mzima, ndipo apelekwe hospitali. Dakika zinazopotea kutafuta gari huku mwili ukiendelea kuchemka ndizo zinazoharibu ubongo na figo.

Kunywa maji nako kuna mipaka. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 yao walimaliza wakiwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na wengi wa walioathirika ni wale waliokunywa kupita kiasi hadi wakaongezeka uzito njiani. Ushauri ulio salama ni kunywa kwa kufuata kiu, na mara kwa mara kujipima uzito kabla na baada ya mbio ndefu. Aliyeongezeka uzito amekunywa kupita mahitaji yake. Dawa za maumivu aina ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo baadhi ya wakimbiaji humeza kabla ya mbio ili wasisikie maumivu, huzielemea figo ambazo tayari zinapata damu kidogo. Hazina nafasi asubuhi ya mbio.

Moyo ndio unaoogopwa zaidi na ndugu wa mkimbiaji. Uchunguzi wa mbio za Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010, uliohusisha washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni, ulipata watu 59 ambao moyo ulisimama ghafla. Kwa marathoni kamili, hatari hiyo ilikuwa takriban mtu 1 kwa kila washiriki 100,000. Hatari ipo, na huwaangukia zaidi wenye ugonjwa wa moyo ambao haujagunduliwa. Lakini ni ndogo, na hupungua zaidi pale mkimbiaji anapopimwa, anapotoficha dalili, na pale walio karibu naye wanapojua kukandamiza kifua.

Kuna pia jambo la moyo wa pili, ule wa ushujaa. Watanzania wamelelewa na kumbukumbu ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akachechemea hadi mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Kumbukumbu hiyo ni tunu ya taifa. Lakini Akhwari alikuwa kwenye Olimpiki, akiiwakilisha nchi, siku ambayo haingerudi tena. Jumapili ya mazoezi huko Kisarawe hurudi kila baada ya siku saba. Mkimbiaji mwenye homa, mwenye maumivu ya kifua au mwenye mfupa unaouma mahali pamoja palepale anapaswa kusimama, na kusimama huko si aibu.

Pikipiki isiyoandaliwa

Sasa mtu alinganishe na upande wa pili. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2023, watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na takriban mmoja kati ya watano ni mtumiaji wa chombo cha magurudumu mawili au matatu. Hakuna hatari ya marathoni inayokaribia kiwango hicho. Hata hivyo mkimbiaji yuleyule anayebadilisha viatu vyake kila baada ya kilomita mia kadhaa kwa sababu soli imechoka, huvaa kofia ngumu iliyokwisha kuanguka sakafuni mara tatu na yenye mkanda usiofungika.

Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni dawa chache sana katika famasia zinazoweza kujivunia manufaa ya namna hiyo. Lakini kama dawa, kofia hufanya kazi ikitumiwa sawasawa. Kipimo chake ni rahisi: mtu aivae, afunge mkanda wa kidevu, kisha aishike kwa nyuma na kujaribu kuivua kwa kuivuta mbele. Ikivuka, si kofia yake. Na ikishapata kishindo kikubwa mara moja, kazi yake imekwisha, hata kama rangi bado inang'aa.

Afrika Mashariki ina funzo chungu kuhusu barabara na mwili ulioandaliwa. Tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Tarehe 11 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 24, alifariki dunia pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana, katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Moyo na mapafu bora kuliko ya mtu yeyote havikuwa kinga. Anayejenga mwili kwa miezi na kuupeleka barabarani bila maandalizi huweka rehani kazi yake yote.

Maandalizi ya pikipiki yanawezekana, na yanaweza kufuata ratiba ileile ya wiki 16. Mwezi wa kwanza uwe wa vifaa na mwendo wa polepole: kofia inayokaa, jaketi, glovu, suruali nzito na viatu vinavyofunika vifundo, pamoja na kujifunza kugeuza pikipiki mahali pafinyu bila kuweka mguu chini. Mwezi wa pili uwe wa breki. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi, kwa sababu pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia gurudumu la mbele. Wengi hufundishwa kuiogopa, kisha siku ya dharura hukanyaga ya nyuma peke yake, tairi likaburuzika na pikipiki ikaenda ubavu. Mwezi wa tatu uwe wa kona, mchanga na utelezi, kwa maana barabara ya Maneromango wakati wa vuli haifanani na lami ya Kibaha. Mwezi wa nne uwe wa safari ndefu zenye mapumziko ya kila saa, na hapo ndipo mtu afikirie kumbeba abiria.

Hesabu ya mwendo nayo ifundishwe. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kwa sekunde moja, kabla hata mkono haujagusa breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Mwanafunzi wa sekondari ya Minaki anayesoma fizikia anaweza kuikokotoa hesabu hiyo, lakini mwendeshaji wa mwisho wa wiki mara nyingi hajawahi kuambiwa.

Mwili mmoja, siku moja

Hatari iliyofichika zaidi iko mahali starehe hizi mbili zinapokutana. Ratiba ya Jumapili ya watu wengi ni hii: kuamka saa 10 alfajiri, kupanda pikipiki hadi Kibaha au Kisarawe, kukimbia kilomita 25 au 30, kunywa supu na wenzake, kisha kupanda pikipiki tena. Wengine huendelea na safari ya matembezi hadi jioni. Kwa jicho la nje huyu ni mtu mwenye afya tele. Kwa jicho la tabibu, ni mtu anayeendesha chombo cha hatari akiwa na mwili uliotumika hadi ukingoni.

Mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki ya nyuma, na wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Baada ya kilomita 30, misuli ya ndama ya miguu hiyo inaweza kukaza ghafla bila taarifa. Miguu yote miwili ndiyo inayoizuia pikipiki isianguke inaposimama, na pikipiki ya kawaida ina uzito unaozidi kilo 100. Baada ya mbio ndefu mishipa ya miguu huwa imetanuka, damu hutuama chini, na mtu anayeinuka ghafla hupata kizunguzungu. Sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini imepungua, na fikra huwa nzito. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ugonjwa. Ni mwili wenye afya ukifanya kazi yake.

Kisha kuna usingizi. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa wepesi wa kutenda kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Aliyeamka saa 10 alfajiri hufikisha saa 17 ikifika saa 3 usiku. Akiwa hajaonja tone la pombe, anaweza kurudi mjini kwa Barabara ya Morogoro, katikati ya malori, akiwa katika hali ya mlevi. Na aliyelala saa sita usiku kabla ya kuamka huko alianza siku akiwa na deni.

Pikipiki nayo huiibia mbio. Saa mbili za kukaa kwenye siti kabla ya kukimbia hukaza nyonga na mgongo, upepo hukausha mwili bila mtu kuhisi jasho, na mtetemo hufisha ganzi mikono na mabega. Mkimbiaji anayelalamika kwamba mgongo humuuma kuanzia kilomita ya 20 huenda analipia safari ya jana yake.

Kutokana na hayo yote, kanuni moja inafaa kutangazwa bila kuzungushwa: siku ya mbio ndefu si siku ya kuendesha pikipiki. Aliyekimbia zaidi ya saa mbili arudi kwa daladala, kwa gari la mwenzake, au apumzike hadi atakapokuwa amekula, amekunywa, amekojoa mkojo wa rangi hafifu na kulala. Jumamosi na Jumapili ni siku mbili. Kila starehe ipewe yake.

Kuuliza kabla ya kukataza

Katika chumba cha daktari, suala hili kwa kawaida huishia katika sentensi mbili. Mgonjwa akisema anakimbia, hupongezwa. Akisema anaendesha pikipiki, huambiwa aache. Sentensi ya kwanza haimlindi, na ya pili humfundisha kunyamaza. Safari ijayo hatasema, na akivunjika mguu atasema aliteleza bafuni. Kukataza kunakoishia hivyo hakujamwokoa mtu.

Maswali matano yanaweza kuchukua nafasi ya sentensi hizo mbili, na hayazidi dakika tano:

1. Unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na unajiandaa kwa mbio gani, lini?
2. Umewahi kuzimia, kubanwa kifua au kusikia moyo ukienda mbio isivyo kawaida ukiwa mazoezini? Katika familia yupo aliyefariki ghafla akiwa bado kijana?
3. Unaendesha pikipiki? Siku ya mbio ndefu, kaka au dada, unarudije nyumbani?
4. Kofia yako inafungika na inakaa? Imewahi kupata kishindo?
5. Unatumia dawa gani, pamoja na zile unazonunua dukani bila cheti?

Swali la tano lina uzito kuliko linavyoonekana. Klorofeniramini, inayotolewa kwa mafua na mwasho karibu katika kila zahanati, huleta usingizi, na mara chache anayeipokea huulizwa kama amekuja kwa pikipiki. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushuka sukari saa kadhaa baada ya mbio, wakati ambao tayari yuko barabarani. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa hapaswi kuendesha kabisa, na hilo aelezwe waziwazi na kwa upole, kwa maana hapo katazo lina sababu. Mwenye vinasaba vya seli mundu anaweza kukimbia, lakini aongeze mzigo polepole zaidi, aepuke joto kali, na asimame mara misuli inapouma kupita kawaida. Aliyewekewa chuma mfupani aulizwe ana mpango gani wa kurudi katika mbio na katika pikipiki, kila kimoja kwa wakati wake.

Ushauri huu unawahusu wahudumu wenyewe pia. Katika Kisarawe, kama ilivyo katika wilaya nyingi za vijijini, pikipiki ndiyo inayomfikisha mhudumu kwenye chanjo na ufuatiliaji wa wagonjwa. Mhudumu aliyekesha zamu ya usiku kisha akapanda pikipiki kwenda kijijini yuko katika hali ileile ya mkimbiaji aliyetoka kilomita 30. Mganga mfawidhi anayepanga zamu ana nafasi ya kulizuia hilo kwa kalamu yake.

Wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba waendesha bodaboda hukaa juu ya siti kutwa nzima bila ratiba yoyote, na maisha yanaendelea. Jibu lao limelala wodini. Pamoja na hayo, mwendesha bodaboda anasukumwa na mkate wa watoto, ilhali mwendeshaji wa starehe ana hiari kamili ya kuchagua siku, saa na mwendo. Mwenye hiari ana udhuru mdogo zaidi.

Wapo pia watakaosema kwamba kazi ya tabibu ni kuondoa hatari, siyo kuipangia ratiba. Lakini tabibu huyohuyo huwaruhusu watu kukimbia marathoni, ambayo nayo ina hatari, kwa sababu amejifunza kwamba maandalizi huipunguza. Kinachodaiwa hapa ni kutumia mantiki ileile kwa chombo kinachoua zaidi.

Yanayoweza kufanyika msimu huu

Vikundi vya kukimbia vinavyokwenda Kibaha na Kisarawe vinaweza kuanza na mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kupanga usafiri wa pamoja siku za mbio ndefu, kukimbia kulia mwa barabara wakiyatazama magari yanayokuja huku wamevaa vizibao vinavyoakisi mwanga, na kuhakikisha kila kikundi kina angalau watu wawili wanaojua kukandamiza kifua na kupooza mwili uliochemka. Moyo uliosimama hupoteza takriban asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona kwa kila dakika inayopita bila kushtuliwa, na gari la wagonjwa halifiki Maneromango kwa dakika tano.

Vikundi vya pikipiki vina cha kujifunza kutoka kwa wakimbiaji, ambao hawamchekei mgeni anayeanza na kilomita tatu. Mwendeshaji mpya apewe ratiba yake, apimwe breki zake uwanjani kabla ya kupelekwa kona za Pugu, na yeyote ajifunze kwamba majeruhi wa pikipiki anayepumua vizuri asivuliwe kofia kwa pupa, kwa kuwa shingo yake inaweza kuwa imevunjika.

Kwa kliniki, linalotakiwa ni mistari miwili zaidi katika faili la mgonjwa: anakimbia, anaendesha. Mistari hiyo ikiandikwa Novemba, ratiba inapoanza, mazungumzo yanayofuata yatakuwa na wiki 16 za kufanya kazi. Ikiandikwa Machi, pembeni ya kitanda cha mifupa, itakuwa historia ya ugonjwa tu.